Mayai Yanayosafiri

Mdogo wangu aliegesha gari pembeni, akazima injini, akasema, "Haya dada, mto wako ndio huo." Nikashuka. Nilikuwa na siku mbili za safari mwilini, ndege tatu, na usiku mmoja wa kukesha kwenye benchi la uwanja wa ndege. Wenzangu nyumbani waliniagiza nikirudi niwasimulie maghorofa. Mimi niliomba kuonyeshwa kitu kimoja tu, Rio Grande. Jina hilo ninalo tangu shule ya msingi pale Rujewa, siku mwalimu wa jiografia alipochora Marekani ya Kaskazini ubaoni na kuvuta mstari mrefu wa chaki ya buluu kutoka milima ya Colorado hadi Ghuba ya Mexico. Kilomita elfu tatu, alisema, nasi tukaandika. Kwa Kihispania jina lake ni Mto Mkubwa.

Nikatazama chini ya daraja. Mchanga.

Nilitegemea walau kijito katikati, hakikuwapo. Ulikuwa mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, na palipokuwa na tope pamepasuka vipande vipande, kingo zake zimejikunja kama chapati iliyosahaulika juani. Pande zote mbili umesimama msitu wa miti mirefu, ile ambayo mbegu zake huruka kama pamba, majani bado mabichi, na katikati ya misitu hiyo hakuna kinachosogea. Ilikuwa mwishoni mwa Julai 2022, jijini Albuquerque katika jimbo la New Mexico, na mto ulikuwa umekauka ndani ya jiji kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40 hivi. Watu wengine nao walikuwa wameegesha magari. Walisimama pale darajani kimya, kama waliofika msibani na hawajui waanze na neno gani.

Kisha upepo ukaleta harufu ya tope linalokauka na samaki ndani yake. Harufu hiyo naijua.

Nimezaliwa Mbarali, bonde la Usangu, kwa mkulima wa mpunga. Ada zangu zote, sare, hata kitabu kile cha jiografia, vilitoka majarubani. Mito yetu huishia katika Ruaha Mkuu, na Ruaha huyo zamani alipita katika hifadhi ya wanyama mwaka mzima bila kusimama. Tangu mwaka 1993 husimama kila kiangazi, miaka mingine kwa wiki, miaka mingine kwa miezi, na viboko hubanana kwenye madimbwi ya mwisho mpaka migongo ikapasuka kwa jua. Maji mengi huchukuliwa huku juu, kwetu, kwa kilimo cha umwagiliaji. Nimekua nikiusikia mjadala huo nikiwa upande wa majaruba. Kwa hiyo pale darajani mshangao wa mgeni haukunijia. Kilichonijia ni aibu, kama ya mtu aliyekuta kwa jirani kosa lile lile la nyumbani kwake.

"Kesho alfajiri," mdogo wangu alisema tukirudi garini, "kuna watu wanakwenda kuokoa samaki. Nimekuombea ruhusa ya kutazama."

Anasoma uhandisi wa maji pale chuoni, na mmoja wa walimu wake anawafahamu.

Jioni alikuja jirani yake, mama mmoja wa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, aliyefika mji ule akiwa mkimbizi. Alileta bakuli la ndagala wakavu waliopikwa kwa nyanya na mawese, na sijui niseme nini kuhusu kula chakula cha Tanganyika jangwani, isipokuwa kwamba tulimaliza bakuli. Akauliza kesho tunakwenda kuona samaki gani. Mdogo wangu akainua kidole chake cha kati: huyu akikua sana anafika sentimita tisa, rangi ya fedha, macho madogo, mdomo mdogo.

"Ndagala, basi," mama akasema. "Na wanamukula?"

Hawamli.

"Na serikali inamutafutia maji?"

Aliuliza kwa moyo wote, macho yamemtoka. Alitoka mahali ambapo watu wenyewe hawatafutiwi maji na mtu. Swali lile nililala nalo.

Kwa ukoo mama hakuwa sahihi, ingawa kwa sura ndivyo. Ndagala wa Tanganyika ni jamaa wa simu na samaki wengine wadogo wa baharini. Huyu wa Rio Grande yuko katika ukoo mpana sana wa samaki wa maji baridi, ukoo mmoja na ningu wa mito ya Ziwa Victoria, na dagaa wa Mwanza pia ni ndugu yake wa mbali. Mwanasayansi Girard alimwandika mwaka 1856 kwa jina la Hybognathus amarus, na hilo amarus ni Kilatini, maana yake chungu. Enzi hizo alikuwa miongoni mwa samaki waliojaa kuliko wote katika mto ule, kutoka kaskazini mwa New Mexico mpaka karibu na bahari, na katika Mto Pecos pia, unaoingia Rio Grande. Leo, ukiacha waliopelekwa Texas mwaka 2008 kujaribu kuwaotesha upya katika eneo la Big Bend, amebaki katika kipande kimoja cha kilomita 280 hivi, kati ya bwawa la Cochiti na ziwa la bwawa la Elephant Butte. Hata asilimia kumi ya makazi yake ya zamani haifiki.

Tulifika mtoni saa kumi na moja na nusu, kabla jua halijatoka. Albuquerque iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, haipishani sana na Mbeya, na asubuhi ile nilijuta kuacha sweta. Waokoaji walikuwa watu sita wenye mabuti marefu, ndoo, na pikapu mbili zenye matangi mgongoni na mitungi ya oksijeni pembeni. Kiongozi wao, mama wa makamo mwenye kofia pana, alinipa masharti mawili: nisikanyage mahali penye unyevu kabla yao, na nisiguse samaki. Samaki huyu analindwa na sheria tangu mwaka 1994, na kumshika bila kibali ni kosa. Nikaweka mikono nyuma kama mtoto dukani.

Tulitembea juu ya mchanga mgumu kufuata mstari mwembamba wa giza, alama ya mahali mto ulipopita mwisho. Kila baada ya mwendo fulani kulikuwa na dimbwi. La kwanza halikuwa na kitu. La pili lilikuwa na mizoga ya samaki wakubwa, na alama za miguu ya ndege zimelizunguka. La tatu lilikuwa dogo kama mkeka wa watu wawili, maji yake yanafika kwenye kifundo cha mguu, na uso wake ulikuwa unatetemeka.

Nilidhani ni upepo. Nilipoinama niliona vinywa. Mamia ya vinywa vidogo vimegusa uso wa maji, vikifungua na kufunga, vikitafuta hewa ambayo maji yenyewe hayakuwa nayo tena.

Watu wawili wakashika wavu, kila mmoja ncha yake, ukiwa umefungwa kwenye fito mbili na risasi chini. Kwetu wavu wa namna hiyo tungeuita kokoro, na kokoro ni nyavu haramu ziwani, adui wa samaki wachanga. Hapa lilivutwa taratibu mno, hatua kwa hatua, bila kutibua tope, kisha likainuliwa kidogo tu, katikati limebonyea na maji ndani yake ili samaki wasibaki wakavu hata kidogo. Yule mama akapiga magoti. Vidole vyake vikaanza kuchambua haraka kama vya mwanamke anayechagua mchele: huyu kambare mchanga, huyu mwenye mapezi mekundu, huyu mla viluwiluwi vya mbu aliyeletwa kutoka kwingine, na huyu. "Huyu," akasema, akamtia kwenye chupa ya kioo yenye maji, akaniinulia mbele ya uso.

Alikuwa mfupi kuliko kidole changu cha shahada. Ubavu wake ulikuwa wa fedha iliyofifia, kama sarafu iliyokaa mfukoni muda mrefu, na mgongo wa kijani cha maji ya mpunga. Mdomo wake uko chini kidogo ya pua, na mama akanieleza sababu: hula mwani na uchafu laini ulioganda kwenye tope, ndiyo maana utumbo wake ni mrefu na umejiviringa. Mashavu yalipanda na kushuka upesi upesi. Nilihesabu mpaka ishirini, kisha akachukuliwa na kutiwa ndooni pamoja na wenzake, na mtu mwingine akaandika idadi kwenye daftari.

Nilimwuliza yule mama kama wanaopelekwa kwenye maji mengine wanapona. Hakunificha. Wengi wameshachoka kabla wavu haujawafikia, alisema, wamekaa kwenye maji ya moto bila hewa, na wakati mwingine anajua kwamba anabeba maiti wa kesho. Akaendelea kuchambua.

Saa tatu, jua likiwa limeshaanza kuuma, tulipumzika chini ya miti, na hapo ndipo aliponieleza habari ambayo nimeibeba hadi nyumbani. Nilipomwuliza samaki huyu anahitaji nini, nilitegemea aseme maji. Alisema, "Urefu."

Samaki wengi wa mtoni hutaga mayai yakashika mahali, kwenye jiwe, kwenye majani, kwenye kiota cha changarawe. Huyu hashikizi mayai yake popote. Kila mwaka, Mei au Juni, theluji ya milimani inapoyeyuka na mto kujaa, jike hutaga katikati ya maji yanayotembea na dume hurutubisha hapo hapo. Yai likitoka halifiki milimita mbili. Linanywa maji, linavimba, linakuwa kama kichwa cha kiberiti, angavu kama umande. Halizami na halielei juu kabisa. Linachukuliwa. Siku moja au mbili baadaye linaanguliwa likiwa safarini, na mtoto naye hajui kuogelea bado, anachukuliwa siku nyingine kadhaa mpaka apate nguvu ya kujitoa kwenye mkondo na kuingia kando, kwenye maji tuli yenye tope na chakula. Katika muda huo mto unaweza kuwa umembeba kilomita nyingi sana. Akikua hupanda kurudi juu.

Hayo ndiyo maisha yake yote, na porini wengi hawamalizi mwaka wa pili. Mwaka mmoja mbaya unatosha kuwapunguza, miwili mfululizo inaweza kuwamaliza.

Sasa chukua mto huo uukate. Elephant Butte lilimalizika kujengwa mwaka 1916. Cochiti lilikamilika katika miaka ya 1970. Kati yao kuna mabanio matatu ya kugeuzia maji kwenye mifereji: Angostura, Isleta, San Acacia. Yai linapita juu ya banio bila shida, linakwenda na maji. Lakini samaki wa sentimita saba hawezi kuupanda ukuta wake kurudi. Kwa hiyo kila kizazi kinasogezwa chini, banio hadi banio, kuelekea sehemu za kusini ambazo ndizo hukauka kwanza, na wanaopita hata hapo huishia ziwani midomoni mwa samaki wakubwa. Zamani walikuwapo wa aina tano wenye desturi hii ya kutaga katika eneo lile la kati la mto. Wanne wametoweka hapo, na mmoja kati yao hayuko tena popote duniani. Amebaki huyu.

Ndiyo maana kila majira ya kuchipua watu husimama mtoni na masanduku yenye wavu mwembamba, wakayakinga mayai yanayopita, wakayapeleka kwenye vituo vya kulelea, kimojawapo hapo hapo Albuquerque, samaki wakakuzwa na kurudishwa mtoni. Ni kazi ya upendo na ya akili nyingi, nami niliwaheshimu waliokuwa mbele yangu. Lakini binadamu anafanya kwa ndoo kazi ambayo mto uliifanya kwa kutembea tu.

Katika jimbo lile maji yana kanuni: aliyetangulia kuyatumia ana haki ya kwanza. Jamii za wenyeji wa asili, kama watu wa Isleta na Sandia, walikuwapo kabla ya wote, wakaja Wahispania na mifereji yao, yakaja majiji, na mwaka 1938 majimbo matatu yakatia saini mkataba wa kugawana Rio Grande. Mto wenyewe haukuwa mtu wa kutangulia, kwa hiyo haukuandikwa. Mwaka 1999 watetezi wa mazingira waliishtaki serikali kuu kwa ajili ya samaki huyu na kesi ikavutana kwa miaka. Walipotaka itumike sehemu ya maji yanayovushwa kwa mahandaki kutoka bonde la Mto Colorado, Bunge la Marekani lilitunga katazo: yasiguswe kwa ajili ya samaki bila ridhaa ya wenye haki nayo. Niliposimuliwa hayo nilikumbuka mikutano ya kijijini kwetu, watu wazima wakisimama mmoja mmoja na kusema, mimi nina watoto.

Alasiri mdogo wangu alinipeleka kusini mwa jiji kwa mzee mmoja mwenye shamba la pilipili na majani ya ng'ombe. Mfereji wake wanauita acequia, neno la Kiarabu lililopitia Hispania. Mwenye kugawa zamu wanamwita mayordomo, na mzee huyo aliwahi kuwa yeye. Nilipomwambia kwamba baba yangu amefanya kazi hiyo hiyo Usangu alinishika mkono, akanipeleka kwenye lango la mbao la mfereji wake na kunionyesha jinsi anavyoliinua. Tulielewana kwa vidole: hapa maji ya jirani, hapa yangu, usiku wake, mchana wangu. Mwaka ule zamu zilikuwa zimekatika kwake pia. Bwawa la El Vado, walikohifadhi maji ya wakulima tangu mwaka 1935, lilikuwa linakarabatiwa, na theluji iliyeyuka mapema. Mfereji ulikuwa na unyevu tu.

Nikamwuliza, na mto una zamu yake?

Hakukasirika. Aliliteremsha lango polepole, ingawa hapakuwa na maji ya kuzuia, akasema marehemu babu yake alikuwa akivua hapo nyuma ya miti. Hakuongeza. Sikuweza kumwona kama adui wa samaki wangu wa asubuhi, na sasa pia siwezi. Lakini naamini, na nalisema nikiwa binti wa banio, kwamba mto usio na zamu umeshaandikiwa kufa, na kwamba zamu hiyo haitoki angani. Inatoka kwenye jaruba la mtu. Lazima mtu alipwe, alime zao linalokunywa kidogo, azibe mfereji unaovuja, apumzishe shamba msimu mmoja. Kuna wakulima kule wanaokubali kulipwa wasilime ili maji yabaki mtoni. Kwetu sijaona anayekuja na ofa kama hiyo. Kwetu huja amri.

Jioni tuliwafuata waokoaji kaskazini, chini ya banio la Angostura, ambako maji bado yalikuwa yanatembea, ya kahawia, yanafika magotini. Walipima joto la tangi na la mto, wakachanganya maji kidogo kidogo kwa karibu nusu saa ili samaki wasishtuke. Kisha wakainamisha ndoo ukingoni. Kwanza hawakutoka. Halafu wakatoka wote kwa pamoja, wingu dogo la fedha juu ya mchanga, likatawanyika, likajikusanya tena, na kila mmoja akageuza kichwa chake dhidi ya mkondo. Juu yao, mwendo mfupi tu, lilikuwa lile banio.

Nilirudi Tanzania wiki ya tatu ya Agosti. Huko Rujewa nilimkuta baba mferejini jioni, suruali imekunjwa, jembe begani, anasubiri saa yake ya maji. Alinipokea, akaulizia mdogo wangu, akaulizia mvua za huko. Nikamweleza kuhusu samaki. Nilimchorea ardhini kwa kijiti, mdomo wake, tumbo lake, na mto wenye kuta tatu.

"Mayai yanasafiri?" aliuliza.

"Yanasafiri, baba. Siku moja au mbili, halafu watoto wenyewe siku nyingine kadhaa."

"Bila kusimama."

"Bila kusimama."

Alikaa juu ya tuta. Kwetu pia kulikuwa na wadogo, alisema, wenye mstari ubavuni, mvua zilipoanza walipanda wengi mno, tulipokuwa watoto tuliwachota kwa kikapu. Akaniuliza siku hizi wanaitwaje. Sikuwa na jina.

Akaangalia upande ambao maji huendea, kuelekea Ihefu, akaanza kuhesabu mabanio kutoka letu kwenda chini, akiyataja kwa majina ya walioyajenga, kila moja kidole. Akamaliza mkono wa kulia, akauweka juu ya goti, akaanza wa kushoto.